Kuku wanaliwa tangu baridi ianze, na kila tundu nimeziba. Nakosea wapi?

"Shikamoo daktari. Nilikuwa na kuku kumi na moja nyuma ya nyumba, majike kumi na jogoo mmoja. Mwaka mzima sikuwa na shida, ila tangu baridi ikaze nimepoteza wawili ndani ya wiki mbili na wa tatu ni mgonjwa. Wa kwanza nilimkuta asubuhi ndani ya banda, kando ya senyenge, hana kichwa, mwili wote upo. Wa pili alipotea jioni kabla sijarudi kufunga, nikakuta manyoya tu yameelekea kwenye uzio. Juzi usiku nikasikia kelele, nikatoka na tochi, nikakuta mmoja ana majeraha mgongoni na pajani, kitu chenyewe kimeshakimbia sikukiona. Banda lina senyenge ya kuku, mlango una kibao cha kuzungusha, na kwa ajili ya baridi nimeziba matundu yote kwa plastiki nikaacha upande mmoja tu. Jirani anasema niweke sumu kwenye nyama. Mwingine anasema niwashe taa usiku kucha. Hivi hawa wanyama wanakuwa wakali sababu ya baridi? Nikivumilia baridi ikaisha si wataondoka wenyewe? Na jogoo mbona hafanyi kitu?"

Marahaba ndugu yangu, na pole sana. Maelezo yatakuja lakini kwanza la haraka: usiku wa leo usiwalaze kwenye hilo banda. Mnyama aliyekula mahali mara moja anarudi, na mara nyingi anarudi usiku unaofuata au ule wa pili, saa zilezile. Aliyefukuzwa kabla hajashiba kama huyo wa juzi ndo kabisa, yeye ana hesabu hajaimaliza. Kwa hiyo chukua hao tisa uwalaze gereji, stoo, kwenye kreti la mbwa, kwenye maboksi makubwa yenye matundu ya hewa, popote penye mlango unaofunga kweli. Huyo mwenye majeraha mtenge peke yake. Watakunyea sakafu, sawa, utaosha. Siku tatu nne hivi zinatosha kurekebisha banda, na yule mgeni akija akakuta patupu mara kadhaa anapunguza safari.

Sasa tuje kwenye swali lako la kwanza maana hapo ndipo watu wengi wanapotea. Baridi haimfanyi mnyama kuwa mkali. Kinachobadilika ni hesabu yake ya chakula. Kipindi cha joto kuna panzi, vyura, mijusi, mayai ya ndege, matunda yaliyoanguka na panya wanaozurura ovyo, ikija baridi vyote hivyo vinapungua au vinajificha ardhini, na wakati huohuo mwili wake unachoma chakula kingi zaidi ili ubaki na joto. Mchukulie kicheche na ndugu zake wembamba wale: umbo lao refu kama mrija linapoteza joto haraka mno, wanahitaji kula kwa siku kama theluthi ya uzito wao, wakati mwingine zaidi, na hawana ule usingizi wa miezi kadhaa wa kulala baridi ipite. Mbweha naye halali usingizi huo. Isitoshe kuelekea majira ya baridi mbweha vijana wanakuwa wametawanyika kutoka kwa wazazi wao wanatafuta eneo jipya, hawana uzoefu, wana njaa, wanajaribu kila kitu. Rakuni (mnyama wa usiku wa Amerika Kaskazini mwenye mikono ya kushikia vitu), kama wapo unakoishi, yeye analala siku zile za baridi kali sana halafu usiku ukipata joto kidogo anatoka na njaa ya siku zote hizo.

Katikati ya njaa yote hiyo kuna banda lako. Linanuka kuku, lina sauti, halihami, na ndani yake kuna nyama isiyoona gizani. Hili la mwisho watu hawalijui: kuku akishapanda kwenye fito na giza likaingia, anakuwa karibu kama kipofu, unaweza kumshika kwa mkono bila kukimbizana naye. Na mnyama anayewinda usiku analijua hilo kwa vitendo.

Ongeza na muda. Usiku wa majira ya baridi ni mrefu, kuku wanaingia kulala mapema wewe ukiwa bado kazini au njiani, na miti imepukutika majani kwa hiyo hata mwewe mchana anaona chini vizuri kuliko alivyokuwa anaona kabla. Ndiyo maana unasema mwaka mzima hukuwa na shida. Kasoro za banda lako zilikuwepo mwaka mzima, ila hakukuwa na mtu mwenye njaa ya kutosha kuzichunguza moja moja.

Hilo la kusubiri baridi iishe sikushauri hata kidogo. Baridi ikiisha mbweha na wenzake wanakuwa na watoto wa kulisha, na hapo wanaanza kuwinda hadi mchana kweupe. Mnyama aliyezoea banda lako wakati wa baridi atakuja nalo kichwani mpaka msimu huo.

Tuangalie ushahidi ulionieleza, maana umeeleza vizuri kuliko wengi. Kuku asiye na kichwa, mwili mzima, kando ya senyenge, ndani. Huyu aliyemuua hakuingia. Ilikuwa hivi: mnyama amezunguka nje, kuku wakashtuka gizani wakaruka kutoka kwenye fito, mmoja akajibanza kwenye senyenge akidhani ni mahali salama, mkono ukapita kwenye tundu ukamvuta kichwa. Kichwa kilipita, mwili haukupita. Rakuni ndiye anayejulikana zaidi kwa mchezo huo, ana vidole kama vya mtoto, lakini mnyama yeyote mwenye mkono unaopenya tundu anaweza. Bundi naye huwa anakula kichwa na shingo akaacha mwili, ila bundi unamkuta kwenye kuku aliyelala nje au banda lisilo na paa, sio huyu wa kwako.

Wa pili ni kesi nyingine kabisa. Jioni, hayupo, manyoya yameelekea upande mmoja kwenye uzio: huyo amebebwa, na mbebaji ni mbweha au mbwa. Watu wanapenda kumsingizia mwewe lakini mwewe wengi hawana nguvu ya kuruka na kuku mkubwa, wanamlia palepale, unakuta manyoya yamenyofolewa yamezunguka kama duara na kifua kimeliwa. Na kama ungekuta wamekufa wengi kwa mpigo, wameumwa shingoni, wamepangwa kama wamelazwa na hawajaliwa, hapo ningesema kicheche. Yule akiingia mahali ambapo kuku wanarukaruka na hawana pa kutokea anaendelea kuua mpaka kitu kisitembee tena. Mtu anaona ni ukatili, kumbe ni silika tu. Porini mawindo yangekimbia, na akipata ziada anaenda kuificha ya kesho. Ndani ya banda hakuna kinachomsimamisha. Nyoka na kenge kwenye baridi ya kuganda maji watoe kwenye orodha, miili yao haiwezi kufanya kazi.

Kwa hiyo hauna adui mmoja. Una tundu la usiku na una pengo la jioni, na kila moja lina dawa yake.

Kuhusu tundu la usiku, niseme tu bila kuzunguka: senyenge ya kuku kazi yake ni kuzuia kuku asitoke. Haikutengenezwa kuzuia kitu kisiingie. Waya wake mwembamba umesokotwa tu, mbwa au mbweha mwenye nia anauchana kwa meno, ukishika kutu ndo kabisa, na matundu yake yale ya pembe sita yanapitisha mkono, na ya ukubwa wa kawaida yanampitisha hata kicheche mzima. Kicheche mdogo anahitaji tundu la inchi moja tu hivi, palipopita kichwa mwili unafuata. Unachotaka kwenye banda la kulalia ni wavu mgumu uliochomelewa, wa matundu ya nusu inchi, yaani milimita 13 hivi. Ni ghali kuliko senyenge, najua, kwa hiyo usihangaike kuzungushia uwanja wote. Anza na pale wanapolala: madirisha, matundu ya hewa, upenyo kati ya ukuta na paa, na huo upande ulioacha wazi. Senyenge yako ya zamani ibaki kwenye uwanja wa mchana. Na namna ya kuufunga wavu ni nusu ya kazi, pini za stapla zinang'oka ukivuta kwa mkono, sasa fikiria mnyama mwenye usiku mzima na hana kazi nyingine. Tumia skrubu na washa pana (vile visahani vya bati vyenye tundu katikati), au bana kingo za wavu kwa ubao uliopigiliwa juu yake.

Mimi mwenyewe niliwahi kupoteza kuku sita usiku mmoja kwenye banda nililokuwa naringia mbele za watu. Nilizunguka asubuhi nzima sioni kitu, kumbe fundi alipitisha waya wa umeme akaacha tundu pembeni ya waya, pana kama sarafu kubwa, nyuma ya viota ambapo hata mimi nilikuwa siinami. Tangu hapo nina jaribio langu na wewe lifanye kesho mchana: ingia bandani, jifungie, kaa kimya dakika mbili macho yazoee, halafu tafuta mwanga. Kila panapoingia mwanga weka kidole gumba. Kikipita, paandike. Usisahau sakafu na pembe za chini, mbao za pembeni zinaoza kuanzia chini na panya wanatafuna, na tundu la panya ndio mlango wa kicheche.

Mlango sasa. Kibao cha kuzungusha ni cha kuzuia upepo, sio mnyama. Rakuni anakizungusha, mbwa anakigonga mpaka kinageuka, na mbao zikinywea kwa baridi hata upepo unakigeuza. Weka kitu kinachohitaji vitendo viwili tofauti kukifungua, kwa mfano komeo la kusukuma lenye tundu la kupitishia karabina (ile kulabu ya chuma inayojifunga) au kufuli. Weka mawili, juu na chini, maana mlango wenye komeo moja katikati unavutwa pembe ya chini unapata upenyo wa kichwa.

Halafu kuna hiyo plastiki. Hapa nitakugombeza kidogo. Umeziba hewa yote ukaacha upande mmoja, na huo upande mmoja ndipo kuku wa kwanza alipouliwa. Umewahofia baridi bure. Kuku ana joto la mwili kama nyuzi 41, amevaa koti la manyoya, akiwa mkavu na asiyepigwa na upepo moja kwa moja anavumilia baridi chini ya kuganda bila tatizo. Kinachomuumiza ni unyevu. Usiku kucha wanapumua na kunya, mvuke unajaa, plastiki inauzuia, unatulia kwenye upanga wa kichwani, ile nyama nyekundu, na hapo ndipo upanga unaganda na kuwa mweusi, achilia mbali amonia ya kinyesi inayowachoma mapafu. Ukiingia asubuhi ukakuta matone kwenye dari au harufu inakuwasha macho, banda limezibwa kupita kiasi. Toa plastiki ya juu. Acha matundu ya hewa juu kabisa, karibu na paa, juu ya usawa wa vichwa vyao wakiwa kwenye fito, yote yafunikwe na ule wavu wa nusu inchi. Chini wanapolala pawe hapapitishi upepo, kwa mbao sio kwa plastiki, maana plastiki hata panya anaicheka. Fito zenyewe zisikae karibu na wavu, sogeza mbali kiasi cha mkono mzima wa mtu, ili hata kitu kikining'inia nje kisiwafikie. Na tafadhali usije ukaning'iniza taa ya joto juu ya majani makavu, mabanda mengi yameungua hivyo kuliko kuku waliokufa kwa baridi niliowahi kuwaona.

Pengo la jioni ndilo lililomchukua yule wa pili, na hili halihitaji hela nyingi, linahitaji ratiba. Mbweha anapenda ule muda wa kiza kinapoanza kuingia na kinapoanza kutoka. Kuku wako wanaingia bandani wenyewe jioni, wewe unachelewa kufunga, kati ya hapo mlango uko wazi na ndani kuna waliosinzia na nje kuna mmoja wawili wanaomalizia kupekua. Baridi ikikaribia jua linazama mapema zaidi kidogo kidogo kila siku na mtu hagundui, wiki tatu zikipita ile saa yako ya kawaida ya kufunga imekuwa usiku tayari. Kama unarudi kazini giza limeshaingia, kuna mambo mawili. Moja, usiwatoe kabisa siku hizo, wabaki kwenye uwanja uliofungwa hadi juu, hawatakufa kwa uchovu, watundikie kabichi au majani mengine wadonoe. Mbili, nunua mlango wa kujifunga wenye sensa (kifaa cha kutambua) ya mwanga au saa. Ni kitu kizuri sana lakini usikipe imani yote. Betri zinachoka haraka kwenye baridi, barafu inaganda kwenye reli mlango unaishia nusu, sensa ikipigwa na taa ya barazani inadhani bado mchana, na kuku aliyechelewa anafungiwa nje. Kwa hiyo hata ukiwa nao, pita na tochi uhesabu. Hesabu kweli, kichwa kwa kichwa.

Kuna mtu atakwambia baridi ardhi imeganda kwa hiyo hakuna anayechimba. Ni kweli nusunusu. Chini ya banda, pale ambapo samadi inatoa joto na theluji haifiki, udongo unabaki laini, na wachimbaji wanapajua. Dawa ni kulaza wavu chini kuelekea nje, upana wa sentimita 45 hadi 60, uliofungwa kwenye sehemu ya chini ya ukuta. Mnyama anakuja hadi ukutani ndo anaanza kuchimba, anakuta waya, hana akili ya kurudi nyuma hatua mbili aanzie mbali. Ardhi ikiwa imeganda huwezi kuufukia wavu, basi ulaze tu juu uubane na mawe mazito au vigingi, ukija wakati wa joto nyasi zitaumeza zenyewe. Na kama unakoishi theluji inarundikana, ifyeke kando ya uzio. Uzio wa mita mbili wenye rundo la theluji la mita moja ni uzio wa mita moja, na mbweha hata bila theluji anapanda vizuri tu.

Uzio wa umeme ni mzuri, nakubali, labda ndiyo njia bora kuliko zote kwa mbweha na rakuni kwa sababu unamfundisha kupitia pua yake. Ila ujue kwamba msimu huu ndio unaousumbua: theluji ikifunika nyaya za chini umeme unavuja, na ardhi ikiganda au theluji ikiwa kavu mnyama hapati ule mshtuko wa umeme kwa sababu miguu yake haijashikana na ardhi vizuri. Ukiweka, pima na kipimo mara kwa mara, usisikilize tu kile kimashine kinavyogonga tik tik ukaridhika.

Mwewe na kipanga ni wa mchana na ni rahisi, funika uwanja kwa juu na wavu wa kamba (kung'uta theluji, la sivyo unaanguka na nguzo zake), au kama uwanja ni mkubwa weka vificho: meza kuukuu, matawi makavu yaliyolazwa, bati lililoinamishwa. Kuku akiwa na pa kukimbilia hatua tano anajiokoa mwenyewe. Nchi nyingi zinalinda ndege hawa kisheria kwa hiyo bunduki na manati weka pembeni.

Taa ya usiku kucha aliyoisema jirani wa pili, hapana. Zile siku mbili tatu za mwanzo mnyama anaogopa kitu kipya, chochote kile, hata redio, hata ndoo uliyoigeuza. Wiki ikipita ameshajua taa haimuumi na sasa umemsaidia kuona. Zile taa ndogo nyekundu za kutishia wanyama, zinazowaka na kuzima, nazo ni hivyohivyo, zinakununulia siku kadhaa za kurekebisha banda, sio zaidi, na angalau uzihamishe kila siku. Taa ndani ya banda usiku kucha inawanyima kuku usingizi. Kama unataka mwanga wa ziada ili watage, uweke alfajiri badala ya jioni, maana taa ikizimika ghafla jioni inawakuta chini, hawaoni tena njia ya kupanda kwenye fito.

Ile sumu ya jirani wa kwanza naomba uisahau kabisa. Hauwezi kuchagua nani ataila. Ataila mbwa wa huyohuyo jirani, ataila paka, na panya aliyeila ataliwa na bundi ambaye ndiye alikuwa anakupunguzia panya bure. Mahali pengi ni kosa la jinai vilevile. Mtego nao ukikamata unabaki na mnyama mwenye hasira mkononi na sheria za kumhamisha ambazo pengine huzijui, halafu eneo aliloliacha linachukuliwa na mwingine kwa sababu banda bado linanuka kuku na bado lina tundu. Sisemi mtego haufai kamwe, kuna mnyama mmoja mmoja aliyezoea kabisa, lakini hiyo ni kazi ya maafisa wa wanyamapori, wapigie wao.

Badala yake ondoa kinachowaita. Chakula cha kuku kitolewe jioni kiwekwe kwenye pipa la bati lenye kifuniko, plastiki inatafunwa. Okota mayai yote kabla ya giza. Makombo yaliyobaki chini yanaleta panya, na panya wanaleta wanaokula panya, na hao wakishafika hapo hawaishii kwenye panya.

Sasa mgonjwa wako. Majeraha ya meno yanadanganya, juu unaona vitundu viwili vitatu vidogo, ndani nyama imechanika na mate ya mnyama yameingizwa huko na bakteria wake. Vaa glavu, punguza manyoya kuzunguka jeraha, osha kwa maji safi ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, kijiko kidogo kimoja cha chai kwa nusu lita, mimina mengi yapite. Usimwage spiriti ndani ya jeraha. Mweke sehemu yenye joto la wastani, kiza kidogo, kimya, maji karibu na mdomo wake. Mshtuko peke yake unaweza kumuua kuku, ndiyo maana saa 24 za mwanzo asibebwebebwe na watoto. Usimrudishe kwa wenzake mpaka ngozi ifunge, wakiona chekundu wanadonoa, hawana huruma hao. Kwa jinsi ulivyoeleza, mgongoni na pajani, mimi ningempeleka kwa daktari wa mifugo leo hata kama anakula, kwa sababu huenda anahitaji antibayotiki na uchaguzi wa dawa na siku za kutokula mayai yake baada ya dawa sio jambo la kukisia kwa maandishi. Kama jeraha linanuka, limevimba, analemaa, au ngozi imefunguka unaona nyama, usisubiri hata kesho.

Na wewe mwenyewe je, ulipotoka na tochi uliguswa na kitu? Kuku hana kichaa cha mbwa, huo ni ugonjwa wa wanyama wanaonyonyesha, lakini aliyemuuma anaweza kuwa nao. Ukiumwa au kukwaruzwa na mnyama yeyote wa porini au mbwa usiyemjua, osha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu nenda hospitali siku hiyohiyo, usingoje dalili kwa maana dalili zikija hakuna tiba. Mnyama wa usiku akionekana mchana anayumba, hakuogopi, anatoa udenda, usimsogelee, waite wahusika. Na siku ukikuta kuku wamekufa wawili watatu bila jeraha lolote, au vichwa vimevimba na kuwa bluu, hapo usitafute tena nani kaingia bandani, funga geti, usiwaguse kwa mikono mitupu, toa taarifa kwa daktari wa mifugo wa eneo lako maana huo unaweza kuwa ugonjwa wa kuambukiza kama mafua ya ndege. Na aliyeuawa na mnyama usimpike, hata kama mwili unaonekana mzima.

Jogoo wako usimlaumu. Mchana ana faida kubwa, anaangalia juu, anatoa mlio tofauti kwa hatari ya angani na ya ardhini na majike wanauelewa, wengine hata wanasimama kupigana na mwewe. Ila giza likiingia naye ni kipofu kama wengine, anakaa kwenye fito anasikiliza. Akipiga kelele saa nane za usiku, toka na tochi.